Kutunza kwa Kuacha

Mwandishi wa habari za bustani huulizwa kila mara mtu apande nini. Ni nadra kuulizwa aache nini. Hapa Diani, pwani ya kusini ya Kenya, ardhi yenyewe hulileta swali hilo la pili. Chini ya udongo haba kuna mwamba wa matumbawe, na chokaa yake huinyima mimea madini ya chuma. Majani ya ixora hugeuka manjano, mishipa ikabaki kijani. Mbolea huificha njano hiyo kwa muda, lakini mwamba uko palepale. Kisha huja jua la kaskazi, na bustani yote husinzia. Wakulima wa bustani za Mediterania wanaijua hali hii: kwao joto na ukame huja pamoja, nao huuchukulia ukame kuwa mapumziko ya mimea.

Je, kuacha si jina zuri la uvivu? Tazama Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, hekta 30 hivi, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, jamii ambayo Wadigo ni sehemu yake. Mgeni hufungwa kaniki, na haruhusiwi kuchuma hata jani. Hakuna anayepalilia wala kumwagilia. Hata hivyo wazee wa kaya hawakai bure: wanalinda mwiko, na mwiko hauendelei wenyewe. Kila kizazi hulazimika kuusimamia upya mbele ya wenye shoka na wenye fedha.

Ila mwarobaini unaiharibu hoja hii iliyonyooka. Uani ni kivuli na dawa, hakuna anayeulaumu. Ndege hula matunda yake, wakadondosha mbegu katika misitu ya pwani, na huko mti huo mgeni huisonga miti ya asili. Anayeuacha msituni kwa kuheshimu mwiko anausaidia kuumeza msitu ambao mwiko uliwekwa kuulinda.

Basi kutunza hakupimwi kwa wingi wa kazi ya mikono, wala kwa mikono kutulia. Kwanza mtu ajue analinda nini. Ndipo ataamua lini apande, lini aache, lini ang'oe. Na hesabu hiyo haiishii uani kwake. Hati ya kiwanja huonyesha mipaka ya mali yangu. Mbegu za mti wangu hazikuisoma.