Simu Aliyokabidhiwa Tajiri

Mwaka 2011 Wafaransa walifurika kwenye kumbi za sinema kutazama Intouchables. Tajiri aliyepooza kuanzia shingoni anamwajiri Driss, kijana mweusi wa mitaa ya kimaskini, aliyetoka jela karibuni, ili amhudumie. Tiketi zaidi ya milioni 19 ziliuzwa Ufaransa peke yake.

Wengi walicheka huku wakifuta machozi. Baadhi ya wahakiki wa Marekani hawakucheka: walimwona mtu mweusi yuleyule wa hadithi za zamani, kazi yake kumchangamsha bwana mkubwa. Nawaelewa. Abdel Sellou, mhudumu halisi aliyekuwa chanzo cha kisa hicho, ni mzaliwa wa Algeria; filamu ikamgeuza Msenegali.

Ila kuna simu. Driss humkabidhi tajiri simu mkononi, akisahau kwamba mikono ile haishiki kitu. Tajiri hakasiriki. Usahaulifu huo anaupenda, kwa sababu wengine wote humtazama kwa huruma, nayo huruma, jamani, inachosha. Hapo ndipo naamini urafiki wao, ingawa mmoja anamlipa mwenzake mshahara na anaweza kumfukuza kazi wakati wowote.