Magogo ya Kushulia Jahazi

Tulifika Kua maji yakiwa yamejaa. Mjomba alishuka taratibu, akaketi chini ya mbuyu, kiganja kifuani, akisubiri kidonge cha chini ya ulimi kifanye kazi. Mishipa ya moyo wake imeziba vibaya. Haizibuliki kwa mrija, wala upasuaji haumfai.

Mtembezaji alitusimulia kisa ambacho Mafia nzima inakijua. Watu wa Kisimani waliwaalika wa Kua kwenye sherehe ya kushua jahazi. Badala ya magogo, wakawalaza watoto wa wageni mchangani, jahazi likapita juu yao. Miaka ikapita, Kua nao wakawaalika Kisimani harusini. Wenyeji walitoka chumbani mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwapumbaza wageni. Mlango ukajengewa ukuta, na yeye akiwa ndani.

Nilikuwa nimemsomea Mjomba kuhusu seli shina. Marekani, wagonjwa kama yeye walitolewa seli katika damu yao wenyewe, aina ya CD34, zikachomwa kwenye msuli wa moyo. Utafiti wa watu 167, uliochapishwa mwaka 2011, ulileta matumaini: maumivu yalipungua. Ukafuata mkubwa zaidi, RENEW, uliopangiwa watu 444. Walipofika 112, mfadhili akausimamisha, si kwa sababu za usalama bali kwa sababu zake za kibiashara.

Baadhi yao walichomwa moyoni sindano isiyo na seli. Hilo, nakiri, halinisumbui sana. Maumivu ya kifua hupungua hata kwa tumaini tupu, na bila sindano ile tungejidanganya. Tena walielezwa, wakatia saini. Watoto wa Kua hawakuulizwa.

Kinachonisumbua ni jahazi. Watu wamekwisha kulala mchangani, kisha mwenye chombo anapiga hesabu, anakwenda zake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, lakini watu 112 hawakutosha kutoa jibu la uhakika. Naona anayeazima mwili wa mtu ana deni la jibu, hata kama jibu ni "haifai". Ridhaa ya mgonjwa haifuti deni hilo. Ndiyo inayolianzisha.

"Ungekuwa wewe ungekubali?" nilimuuliza Mjomba.

"Mzee wa chumbani alikubali."

"Alijua anakufa kwa ajili ya nini."

Alinyamaza, akitazama ukuta wa msikiti uliobomoka. "Basi waniandikie kwanza kwamba watamaliza," akasema, akanyoosha mkono nimwinue. Maji yalikuwa yameanza kutoka.