KUNYAMAA SI KUSAMEHE
Neno juu ya deni la nafaka ya mke aliyeachwa

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ni desturi yetu watu wa pwani, jeneza likisha wekwa mbele ya watu, husimama mwana wa maiti au nduguye akasema: mwenye kumdai marehemu na atujie. Desturi hii ni njema. Walakini tazameni, ndugu zangu, ni nani waliomo katika safu zile. Yumo mwenye duka, yumo fundi, yumo rafiki aliyekopesha. Mwanamke aliyekuwa mkewe miaka kumi, akaachwa hali anamdai chakula cha miezi na nguo za mwaka, yeye hayumo. Yuko kwao, na tangazo lile halimfikii. Na huenda deni lake likawa ndilo kubwa kuliko yote.

Kwa ajili hiyo nimeona tuulizane maswali mawili. Nafaka ambayo mume hakuitoa, je, hufutika kwa talaka na kwa kupita siku? Na mwanamke akinyamaa asidai, je, kunyamaa kwake ni kusamehe?

Nafaka ya mke ni chakula, na mavazi, na makao. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, nafaka si sadaka wala si hisani ya mume, bali ni haki ya mke kwa kule kujitoa kwake kwa mumewe. Imamu Nawawi katika Minhaj ameiwekea vipimo: mwenye wasaa mudi 2 kila siku, mwenye hali ya kati mudi 1 na nusu, na mwenye dhiki mudi 1. Kitu kilichopimwa hivi, siku kwa siku, ni kitu cha kudaiwa. Jua likichwa na mume hakutoa, mudi ile haichwi pamoja na jua. Hukaa katika dhima yake kama bei ya kitambaa alichokichukua dukani asilipe. Talaka hukata ndoa, haikati deni.

Juu ya hayo, mwenye talaka rejea ana nafaka na makao mpaka eda yake ishe. Mwenye mimba anayo mpaka azae, hata akiwa ameachwa talaka tatu. Asiye na mimba aliyeachwa tatu ana makao katika eda yake. Na mut'a, yaani kitu cha kumliwaza mwanamke anapoachwa, ni haki nyingine ambayo wengi wetu hata jina lake hatulijui.

Na tusidhani kuwa jambo hili ni la vitabuni tu. Imamu Shafii na Baihaki wamepokea kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) aliwaandikia maamiri wa majeshi khabari ya wanaume waliokuwa mbali na wake zao: washikwe, ama watoe nafaka, ama waache, na wakiacha, wapeleke nafaka ya muda wote waliowazuilia. Tazameni hukumu hiyo. Hakusema kuwa mwenye kuacha amepumzika na yaliyopita, bali amemlazimisha kulipa ya nyuma wakati ule ule wa kuacha.

Akisema msemaji, "Yako madhehebu yasemayo kuwa nafaka iliyopita huanguka isipokuwa imehukumiwa na kadhi au wamepatana," tutamjibu: ni kweli, ndivyo wasemavyo Mahanafi. Walakini mtu aliyeoa kwa Shafii, na akasali kwa Shafii, na akafunga kwa Shafii, kisha siku ya kudaiwa akawa Hanafi, huyo hakutafuta dalili. Ametafuta mlango wa nyuma.

Akisema, "Hakufa njaa; alikula kwao, na alikuwa akishona kofia akijilisha," tutamwuliza: mtu akikukopesha gunia la mchele, kisha akapata chakula kwa nduguye, je, deni lako limeanguka? Kila tundu la kofia alilolishona usiku ili mwanawe apate uji ni ushahidi juu yako, si udhuru wako.

Akisema, "Alikuwa nashiza," basi na athibitishe. Mwanamke huikosa nafaka kwa uasi wake uliothibiti. Haikosi kwa neno la mume aliyemfukuza yeye mwenyewe kisha akasema ametoka bila ya idhini.

Akisema, "Sina," na ikawa ni kweli hana, Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 280, kuwa mwenye dhiki angojwe mpaka apate wepesi. Kungojwa si kufutiwa. Ama mwenye nacho anayezungusha watu, Mtume (S.A.W.) ameita kuzungusha kwake dhulma. Na mara ngapi tumemsikia asemaye "sina", na hali chumba cha mke mpya kimekwisha pambwa, kitanda na godoro na mapazia?

Imebaki kauli yao kubwa: "Mwenyewe hakudai." Ndugu zangu, mwanamke hunyamaa kwa mambo mengi. Hunyamaa kwa haya. Hunyamaa kwa kuchelea watoto wasisikie baba yao akitajwa. Hunyamaa kwa sababu nduguye amemwambia, "Usituanike." Kusamehe ni tendo la mtu aijuaye haki yake, na aliye na uwezo wa kuishika, akaiacha kwa ridhaa. Asiyeijua hakusamehe, na asiyethubutu kuitamka hakusamehe. Na yule anayemnyima mkewe chakula hata akasema mwenyewe, "Niache, sitaki kitu," asidhani kuwa amepata khului ya halali. Khului ipo katika dini. Lakini Suratun Nisaa, aya ya 19, imekataza kuwabana wanawake ili kuwanyang'anya walichopewa.

Tena tumezoea kusema kuwa mwanamke aendaye kwa kadhi hana haya. Hind binti Utba alimwendea Mtume (S.A.W.) akamshitaki mumewe, Abu Sufyan, kwa ubakhili wake. Mtume hakumwambia kuwa hana haya. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe yamtoshayo yeye na mwanawe kwa wema. Haya ni za mwenye kudaiwa.

Ama nafaka ya watoto, ni juu ya baba hata wakiwa kwa mama yao. Katika madhehebu yetu iliyopita haiwi deni isipokuwa kadhi ameingia katika jambo lile. Kwa hivyo mama asikawie kwenda. Na baba asifurahi, kwani kumpoteza unayepaswa kumlisha ni dhambi, hata kama hapana wa kukudai hapa duniani.

Mlango wa madai u wazi. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imezipa mahakama za kadhi uwezo juu ya ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa hapo. Na Zanzibar vile vile ina mahakama zake za kadhi. Wakikhitalifiana katika kutoa, mume akisema nimetoa na mke akisema sikupokea, kwa Mashafii kauli ni ya mke pamoja na kiapo chake. Basi mume na aandike na ashuhudishe kila anachokitoa. Na mke amwogope Mola wake: akiapa hakupokea na hali amepokea, amekula moto.

Nasaha yangu ni hii. Uliyeacha, keti na nafsi yako kabla ya Ijumaa ijayo, uhesabu miezi. Ukiwa nacho, peleka kwa mkono wa watu wawili waaminifu. Ukiwa huna, peleka neno kuwa unalijua deni na unaomba muda. Na ukitaka kusamehewa, mtajie kiasi chake, kisha umwambie kuwa ana khiari ya kukataa.

Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekuwa na deni la dinari 3, naye hakuacha kitu, asimsalie mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile. Na katika Qurani mirathi haigawanywi ila baada ya wasia na deni. Mtalaka wako, basi, yu mbele ya wanao katika mali yako, hata kama hakuna amjuaye ila wewe. Usimwachie mwanao kuita katika safu ya wanaume mdai asiyekuwapo.

Mwenyezi Mungu atupe uwezo wa kulipa tungali hai, na atuepushe na dhulma ya wanyonge. Amin.