Nilichokikata Pembeni

Picha yangu iliyopendwa na watu wengi kuliko zote ina korongo mmoja na maji. Basi. Korongo amesimama, jua la asubuhi liko nyuma yake, maji yanang'aa rangi ya shaba. Ukiitazama haraka unaweza kudhani nilikuwa Naivasha. Niliipiga hapa Kayole, kando ya mto, Novemba 2024, mvua za vuli zikiwa zimeanza.

Ile rangi ya shaba ilikuwa uchafu. Na upande wa kushoto, hatua nne hivi kutoka kwa ndege, kulikuwa na mama ameinama akiosha mitungi ya plastiki aliyookota ili akaiuze kwa kilo. Niliporudi nyumbani nilimkata. Sikufikiria mara mbili. Nilivuta ukingo wa picha mpaka kiwiko chake kikaisha, nikaona sasa imekaa sawa.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama nilikosea, na kama nilikosea, kosa lenyewe ni lipi hasa.

Ukisema unapiga picha za wanyama Kayole watu wanakucheka. Wanyama gani, panya? Lakini ukikaa mtaa huu mwaka mzima na macho yako wazi, majira yanapita mbele yako kama kwingine kokote. Januari na Februari ni vumbi, na mwewe wanazunguka juu ya Spine Road wakitafuta mtu aliyeshika mutura bila kuangalia juu. Masika ikifika, yangeyange wanasimama kwenye madimbwi ya viwanja. Julai mbingu inafunga, rangi ya kila kitu inakuwa ya jivu, na korongo wanasimama juu ya paa wamejikunyata kama wazee wanaongoja basi. Mvua za vuli zikianza, kumbikumbi wanatoka ardhini, watoto na ndege wanawagombania. Wakati huohuo mbayuwayu waliotoka Ulaya kukimbia baridi wanakuwa wamefika, wanapita chini chini juu ya mabati.

Korongo ndiye ninayempenda zaidi. Nasema wale wakubwa wenye upara, wanaokaa kwenye migunga karibu na Uwanja wa Nyayo na kujisaidia juu ya magari. Sura yake ni mbaya, sikatai. Lakini kila ubaya wake una kazi. Kichwa hakina manyoya kwa sababu anakiingiza ndani ya mizoga, na manyoya yangeshika damu. Miguu inaonekana myeupe kwa sababu anaitilia kinyesi chake mwenyewe ili kuipoza. Huku kwetu anafuata taka. Dampo la Dandora liko ng'ambo tu, limekuwepo tangu miaka ya sabini, na ingawa lilitangazwa kujaa mwaka 2001, malori bado yanaingia. Ndege hawa hawahitaji kuletwa na watalii. Tunawalisha sisi, kwa tulichotupa.

Sasa rudi kwenye picha. Niliiweka mtandaoni, ikasambaa. Siku ya tatu mtu nisiyemjua akaisambaza na maneno yake: hivi ndivyo mito yetu ingekuwa kama wale watu wangeondolewa kando yake. Watu wengi wakakubaliana naye.

Kumbuka ni mwaka gani. Aprili na Mei mwaka huo mafuriko yalikuwa yamepita Nairobi, watu wamekufa, halafu walioishi kando ya mito wakaamriwa kuhama na nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru. Kwa hiyo maneno "wale watu wangeondolewa" hayakuwa mawazo ya hewani. Yalikuwa na tingatinga nyuma yake. Na ushahidi uliotumika ulikuwa picha yangu.

Nilijitetea kwanza, kama mtu yeyote. Sikudanganya. Korongo alikuwepo, jua lilikuwepo. Katika upigaji picha za wanyama kuna uongo unaojulikana, na unaadhibiwa. Yale mashindano makubwa ya Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yaliwahi kumpa ushindi mpiga picha aliyeonyesha mbwamwitu akiruka geti. Hiyo ilikuwa 2009. Mwanzoni mwa 2010 wakamwondoa, kwa kuwa waamuzi waliona kuna uwezekano mkubwa kwamba mnyama alikuwa wa kufugwa na kufundishwa. Mwaka 2018 wakaondoa picha nyingine iliyokuwa imeshinda mwaka uliotangulia, ya mnyama wa Brazili anayekula mchwa, baada ya kuamini kwamba yule hakuwa hai, alikuwa ngozi iliyojazwa. Hao waliongeza kitu. Mimi nilipunguza tu. Na nani hapunguzi? Kamera yenyewe ina kingo nne. Ukiielekeza kaskazini umeiacha kusini yote.

Utetezi huo ni mzuri, na kwa muda ulinitosha. Lakini una tundu. Nikikata kijiti kilichoingia kwenye kona, hakuna anayeamini jambo jipya kuhusu dunia kwa sababu kijiti hakipo. Nilipomkata yule mama, niliwafanya watu waamini jambo, tena la uongo: kwamba ndege na watu hawakai pamoja, kwamba mmoja akija mwingine lazima awe ameondoka. Ukweli wa pale ulikuwa kinyume. Korongo alikuwa mtoni kwa sababu ya sisi na taka zetu. Na mama ndiye alikuwa akitoa plastiki ndani ya maji, kilo kwa kilo. Kati ya wote tuliokuwa pale asubuhi ile, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anasafisha mto. Ndiye niliyemtoa ili mto uonekane safi.

Tabia hii sikuianza mimi. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946, na ili iwe vile inavyoonekana, wafugaji Wamaasai walihamishwa kutoka ardhi ile. Hiyo nayo ilikuwa ni kukata pembeni, ila waliikata ardhi yenyewe. Leo reli ya SGR inapita humo juu ya nguzo, na wapiga picha wengi wanahangaika kutafuta pembe ambayo nguzo hazionekani. Tumezoea kuamini kwamba asili ni mahali ambapo sisi hatupo. Halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayeona haja ya kulinda mto wa Kayole. Utalindaje kitu ambacho kila picha inakuambia kiko mahali pengine?

Kuna mpiga picha Mwingereza, Nick Brandt, aliyetengeneza picha za wanyama zenye ukubwa wao halisi na kuzisimamisha katikati ya machimbo, barabara na madampo, mahali ambapo wanyama hao walikuwa wakipita zamani. Kitabu chake, *Inherit the Dust*, kilitoka 2016. Ni kazi nzito na ninaiheshimu. Lakini nikiitazama nikiwa Kayole, nahisi inasema hadithi moja tu, ya mnyama aliyekwisha kuondoka. Huku kuna nyingine: mnyama aliyebaki, na jirani yake asiyeonekana.

Nilirudi mtoni kumtafuta mama. Nilimkuta palepale, nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Ndege ametoka vizuri," akasema. "Na mimi niko wapi?"

"Nilikutoa, mathe."

"Kwani mimi ni uchafu?"

Sikuwa na jibu. Kabla sijapata la kusema, mwenzake aliyekuwa akifunga gunia akadakia: "Mimi kijana usiniweke kabisa. Watoto wangu wako shule, watachekwa."

Hapo ndipo jibu rahisi lilipovunjika. Nilikuwa nimekuja nikidhani dawa ni kuirudisha picha nzima. Lakini picha ya mama aliyeinama kwenye maji machafu kando ya ndege wa mizoga nayo ina soko lake, na soko hilo pia lina uongo wake. Ningemtoa kwenye fremu ya uzuri nikamtia kwenye fremu ya huruma, bila kumuuliza mara zote mbili. Kwa hiyo naona swali la kwanza si nini kiingie na nini kitoke. Ni nani ameulizwa. Wa pili alikataa, na kumwacha nje ni haki yake. Wa kwanza hakukataa, kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Siku hizi nauliza. Na nikimwacha mtu nje, naandika chini ya picha: hapa ni Kayole, maji haya yana taka, pembeni walikuwepo watu wakifanya kazi. Hilo lina gharama. Kuna waliotaka picha ya korongo kwa kalenda, bila maelezo yale, waandike "Kenya" tu. Nilikataa. Mwezi huo kodi ya nyumba nililipa nimechelewa, na sitadanganya, pesa zile bado nazikumbuka.

Mama alikubali kupigwa picha, kwa masharti. Hakutaka kuinama. Alitaka kusimama, mitungi iliyokwisha kuoshwa iwe mbele yake, na kwanza afunge leso vizuri. Korongo hakumngoja. Aliruka kabla leso haijakaa. Kwa hiyo picha ninayo: mama, mitungi, maji, bila ndege. Yeye anaipenda, ameiweka kwenye simu yake. Mimi nangoja vuli nyingine. Korongo akirudi nitasimama mbali zaidi, waenee wote wawili.