Mwalimu Aliyeandikishwa Barua

Mwalimu mmoja wa uraia mkoani Iringa alichapa kwenye karatasi picha iliyokuwa ikizunguka WhatsApp, yenye maneno kwamba watu wenye ualbino hawafi, hutoweka. Aliwagawia kidato cha tatu, akauliza: nani kaitengeneza, amejuaje, na ikiaminiwa yeye anapata nini? Kabla ya Ijumaa aliitwa kikaoni, akaambiwa aandike barua ya kujieleza. Picha ikaendelea kuzunguka.

Chuki ni nini na fikra tunduizi ni nini, vitabu vimeshaeleza. Linaloudhi ni neno alilotupiwa kikaoni: "Ukimwonyesha mtoto uchafu, umemfundisha uchafu."

Neno hilo linadhani mtoto hajauona. Simu ni marufuku bwenini, lakini likizo ikifika ile ya mama iko mezani, na picha imo ndani. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Imani iliyoyazaa mauaji hayo haikutoka ubaoni. Ilipokewa kwa watu walioaminiwa, na hakukuwa na wa kuuliza, "Umejuaje?"

Na kama kuonyesha ni kufundisha, mbona watoto wanapelekwa makumbusho ya Kalenga? Ndani ya kioo limo fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, aliyejipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe na Wajerumani, nao wakakata kichwa cha maiti. Watoto wenye sare husogea mpaka pumzi zao zinatia ukungu kwenye kioo. Hasikiki mzazi akilalamika kwamba watarudi nyumbani wakijua kukata vichwa. Wanarudi na maswali.

Wanaosema darasa limejaa mno kwa mjadala, au kwamba mwalimu asiyeandaliwa anaweza kuharibu, wana haki yao, lakini hiyo siyo hoja ya kikaoni.

Fuvu lenyewe lina kisa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliamuru lirudishwe ndani ya miezi sita, lakini lilirudi 1954. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alilichagua katika makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa, na kwa tundu la risasi, kisha akamkabidhi mjukuu, Adam Sapi, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Mafuvu ya Waafrika yalifuata nini Bremen? Enzi hizo wasomi wa Ulaya walipima vichwa ili wawapange binadamu kwa madaraja. Chuki ilivikwa tarakimu, ikaitwa elimu. Kijana anayelijua hilo hababaishwi upesi na picha yenye takwimu.

Lakini wapo wanaohoji kama fuvu lile ni la Mkwawa kweli, kwa kuwa lilipatikana kwa vipimo hivyohivyo. Mwanafunzi akiliuliza hilo Kalenga mbele ya wazee, amefikiri vyema au amevunja heshima? Pengine yote mawili, na hakuna mtaala unaomwelekeza mwalimu afanye nini hapo.

Mwalimu yule aliandika kurasa mbili. Hajajibiwa.