Kibweta cha Fedha za Kale

Masomo: Luka 15:8–10; Mathayo 6:19–21

 

Mwezi huu nataka kunena nanyi juu ya jambo lililoingia nyumbani mwangu mwenyewe. Maana mchungaji anenaye ya nyumba za wengine, na ya kwake akaifunga mlango, hawafai kitu kondoo zake. Baadhi yenu mmepata kuniuliza, Je, ni halali Mkristo kuuza fedha za kale alizoachiwa na wazee wake? Wengine wameuliza kinyume chake, Je, ni halali kuziweka, ikiwa nyumbani mna haja? Nalikuwa mwepesi wa kuwajibu, hata swali lenyewe lilipobisha hodi kwangu.

Baba yangu alipofariki aliniachia mimi, mzaliwa wa kwanza, kibweta cha mti wa mninga, na ndani yake sarafu zipatazo sitini. Zilizo za kale kuliko zote ni pesa za shaba za ile kampuni ya Wajerumani, zilizopigwa tangu mwaka 1890. Upande mmoja pana tai, na upande wa pili pana maandiko ya Kiarabu, kwa kuwa watu wengi wa pwani walizisoma herufi hizo. Pesa 64 zilikuwa rupia 1. Kisha ziko rupia zenyewe, za fedha, zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma. Mwaka 1904 hesabu ikageuzwa, rupia ikagawanywa kuwa heller 100. Jina hilo hatujaliacha hata leo. Kila siku twasema, Sina hela, wala hatukumbuki ya kuwa twataja sarafu ya Kaisari aliyekwisha kuondoka zamani.

Iko na moja ya shaba ya manjano, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, wakati wa vita, njia ya bahari ilipokuwa imefungwa na sarafu za Ulaya haziji tena. Ziko senti za Waingereza zenye tundu katikati na pembe za ndovu kandokando. Iko na shilingi yenye simba, iliyoanza mwaka 1921. Ya mwisho ni shilingi ya nchi yetu ya mwaka 1966, yenye sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja, na mwenge upande wa pili.

Lakini kwetu sarafu hizi si shaba na fedha tu. Kodi ya nyumba ilipoanza mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba moja ya shamba, babu wa baba yangu alipaswa kwenda mbali kutafuta kazi ili azipate. Babu yangu naye, katika miaka ya 1930, alikwenda Lupa, katika nchi ya Chunya, kuchimba dhahabu ya watu wengine, akarudi kwa miguu, na shilingi zake amezifunga katika pindo la nguo. Kila mmoja alibakiza chache, akamwachia mwanawe. Basi mtu akizishika, ashika jasho la wazee.

Sasa sikieni lililotupata. Dada yangu ni mjane, akaa Mbeya, na riziki yake ni kuuza viazi sokoni. Binti yake alipata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada haikuwapo. Dada akapanda basi, akaja Iringa, akaketi jikoni kwa mke wangu mpaka nalipotoka kanisani. Akaniambia, "Kaka, sikuja kuomba sadaka. Kile kibweta si chako. Ni cha baba yetu sote, nawe umewekwa tu kukilinda."

Nikamwita baba yetu mdogo, kama ilivyo desturi. Aliposikia, akakasirika sana, akasema, "Mwanangu, wewe mtu wa Iringa hujui fedha hii ni nini? Wajerumani walipomtafuta Mkwawa walitangaza rupia 5,000 kwa atakayemleta. Ni rupia kama hizi. Leo wataka kuzirudisha kwa wageni, nao wakupe bei mara ya pili? Zikae. Ni ushuhuda."

Ndugu zangu, neno la mzee huyu halikuwa neno la upumbavu, nami sikuweza kulijibu siku ile. Usiku nikawasha taa, nikakifungua kibweta. Hapo nikaona aibu. Kwa miaka mingi nalikuwa nikizipanga sarafu hizo kila Jumamosi jioni. Nalijua mwaka wa kila moja, na mahali ilipopigwa. Lakini nalipojiuliza shemeji yangu alifariki mwaka gani, ilinibidi kufikiri kwanza kabla ya kuukumbuka.

Nikafungua Injili ya Luka, habari ya yule mwanamke mwenye sarafu kumi aliyepotewa na moja. Nimeihubiri habari hiyo mara nyingi, nami nalidhani naijua. Usiku ule naliona mambo mawili ambayo sikuyaona kwanza. La kwanza, alichofagia mwanamke yule ni nyumba, si sarafu. Nao watu wenye kuzijua sarafu za kale hutuonya tusizisugue kwa majivu wala kwa mchanga wala kwa ndimu, maana tukizing'arisha tumeziharibu, na thamani yake yapungua. Sisi je? Twaking'arisha kitu, na nyumba twaiacha na taka zake. La pili, alipoiona hakuifungia sandukuni. Aliwaita rafiki zake na jirani zake, wafurahi pamoja naye. Sarafu iliyopatikana ikamkusanyia watu. Ya kwangu ilikuwa imenitenga na dada yangu.

Basi tupimeje, tuuze au tuweke? Naona maswali matatu, kila mtu ajiulize mbele za Mungu.

Swali la kwanza: Je, kitu hiki chanitumikia, au mimi ndimi nikitumikiaye? Bwana wetu alifundisha ya kuwa moyo wa mtu huifuata hazina yake. Hakusema ya kuwa mtu asiwe na kitu. Alituonya tuangalie moyo uko wapi. Kwa kuwa hazina haikungoji ulipo. Yakuvuta kwenda iliko. Ukitaka kuujua moyo wako, uangalie ni kitu gani ukikumbukacho pasipo kukumbushwa.

Swali la pili: Je, kitu hiki ni cha nani, na je, ni cha kuuzwa? Maana viko vitu visivyouzwa. Nabothi aliombwa shamba lake la mizabibu na mfalme, akakataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Na Mungu alikuwa upande wake. Shamba hulisha watoto wa leo na wa kesho, na atakaye kuuza shamba la ukoo na aogope mara mbili. Lakini Elisha alipomwona mjane mwenye madeni, ambaye wanawe walikuwa karibu kuchukuliwa utumwani, alimwambia auze mafuta yake, alipe, na yatakayosalia yamlishe yeye na wanawe. Kwa hiyo kukataa kuuza si choyo siku zote, wala kuuza si kudharau wazee siku zote. Twatazama kitu chenyewe ni nini, na ni nani alalaye njaa kwa ajili yake.

Hapo nikaona jibu la kumpa baba mdogo. Naam, bei ile ilitangazwa, na Mkwawa hakukubali kushikwa. Mwaka 1898 alijiua mwenyewe asianguke mikononi mwao, na kichwa chake kikachukuliwa. Mwaka 1954 fuvu lilirudishwa, nalo lipo Kalenga mpaka leo. Tulilidai fuvu, kwa kuwa mfupa wa mtu ni wa kwao, wala hauna bei. Lakini je, tulizidai zile rupia? Hatukuzidai. Ushuhuda wa watu wetu uko Kalenga, na katika vinywa vya wazee wawasimuliao wajukuu. Sarafu iliumbwa ipite mikononi, na mkono wa mwisho ulioishika haujui wa kwanza. Hata vile vipande thelathini vya Yuda, makuhani hawakuthubutu kuvitia katika hazina, wakanunua kwavyo shamba la kuzikia wageni. Fedha ya damu ikawapa maskini wasio na kwao mahali pa kulala. Ikiwa hiyo ilifanya kazi ya rehema, je, rupia iliyowatoa jasho babu zetu haiwezi kumsomesha kitukuu wao awaguse wagonjwa kwa mikono ya upole?

Swali la tatu: Je, nauza katika nuru, au gizani? Mmesikia, nami nimesikia, habari za watu wapitao vijijini wakisema ya kuwa rupia ya Mjerumani ina nguvu za siri, au ya kuwa ni alama ya mali iliyofukiwa. Wako waliochimba hata karibu na makaburi, wakapoteza shamba na heshima pamoja. Huo ni uongo, na Mkristo asiununue wala asiuuze. Tena yuko mnunuzi ajaye na haraka, atakaye kibweta chote kabla jua halijachwa, wala hataki kuulizwa. Alikuja na kwangu. Nikamwambia, "Ndugu, sarafu hizi zimengoja zaidi ya miaka mia. Zaweza kungoja mpaka Jumatatu." Hakurudi.

Nawe mwuzaji, usiseme zaidi ya kweli. Jueni ya kuwa heller moja moja zilipigwa kwa mamilioni, na bei yake leo ni ndogo, hata ikiwa babu alizitunza kama mboni ya jicho. Iko sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916. Hiyo watu huinunua kwa maelfu ya dola za Kimarekani. Lakini yenu si hiyo kwa sababu tu mwatamani iwe hiyo. Mizani ya haki yatakiwa kwa mnunuzi na kwa mwuzaji sawasawa.

Mwisho wa mambo ulikuwa hivi. Tulikutana, mimi na mke wangu na dada yangu na binti yake. Baba mdogo hakuja. Tukazimwaga sarafu juu ya mkeka. Kwa kila moja nikasimulia niliyoyapokea kwa baba, na yule binti akaandika yote katika daftari. Na daftari hilo halitauzwa. Kisha tukauliza bei kwa watu watatu wenye kuzijua, hatukuuliza kwa mmoja. Tukaziuza. Sitawaficha: hatukupata mali nyingi. Ada ya mwaka wa kwanza ililipwa, na ya mwaka wa pili ilipungua. Iliyosalia twaitafuta kwa viazi vya dada na mshahara wangu. Nami naona hilo ni jema, kwa kuwa kama sarafu zingalitosha kulipa yote, huenda ningalijiona nimekwisha kumtendea dada yangu, nikarudi kulala.

Sarafu moja tuliibakiza, pesa ya shaba. Jirani yangu Mwislamu, asomaye Kiarabu, alinisomea maandiko yake. Akasema, "Mchungaji, hapa pameandikwa habari ya sharika ya Wajerumani, maana yake kampuni yao ya biashara." Nikastaajabu. Neno lile ni la shina moja na neno letu la usharika! Watu wale walishirikiana ili wapate faida, nasi twaitwa kushirikiana ili tuchukuliane mizigo. Neno ni moja, lakini kila mtu na ajiulize yumo katika sharika ipi. Pesa hiyo haiko kwangu. Iko Mbeya, nyumbani kwa dada yangu, naye ndiye mlinzi wake sasa.

Wala msidhani ya kuwa halikuniuma. Hata leo, ikifika Jumamosi jioni, mkono wangu waelekea rafuni, nao wakuta mahali patupu. Na baba mdogo hajasema ya kuwa nalitenda vema. Lakini baada ya mavuno alituma gunia la mahindi, na ujumbe kwamba lipelekwe Mbeya kwa yule binti. Hakuongeza neno lingine, wala mimi sikumwuliza.

Tuombe. Ee Bwana, uliye hazina yetu, utufundishe kushika pasipo kushikwa, na kuachilia pasipo kudharau. Utuonyeshe walio karibu nasi, ambao tumewasahau kwa kutazama vitu vyetu. Uwape amani wazee wetu, na watoto wetu njia, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.