Laana ya Kurithisha

Mwaka jana Baba alituita nyumbani, huku Runyenjes. Babu alipokaribia kufa aliacha kirumi: atakayeuza shamba la ukoo asione mema, yeye na wanawe. Neno hilo limelinda shamba letu la majani chai kuliko ua wowote. Lakini waliolisikia kwa masikio yao wameisha, na ndugu yangu anayefanya biashara kule Meru ameanza kuulizia bei ya ploti. Baba akasema, "Neno limezeeka. Lazima nilitamke upya kabla sijaenda." Akataka mimi niwe shahidi.

Nikakumbuka nyambizi za Uingereza. Tarehe 18 Julai 2016, wabunge kule London walipiga kura, 472 kwa 117, kuunga mkono ujenzi wa nyambizi nne mpya za makombora ya nyuklia, zichukue nafasi ya zile za Vanguard zilizoanza kazi miaka ya 1990. Tangu 1969, lazima moja iwe imejificha baharini usiku na mchana. Hoja yao ni ya Baba kabisa: tunatisha ili tusije tukapiga.

Si hoja ya kuchekwa. Shamba halijauzwa, sivyo? Nani ameumia?

Shida ni kwamba tisho la uongo halitishi. Anayetisha sharti awe tayari kweli. Siku hiyo ya kura, Theresa May aliulizwa bungeni kama angeidhinisha shambulio la kuua watu laki moja wasio na hatia, wakiwemo watoto. Akajibu ndiyo. Kila waziri mkuu wao pia huandika barua kwa mkono wake, ikafungiwa ndani ya nyambizi, isomwe iwapo serikali yao imeangamizwa. Sasa kama nyumba imeshateketea, kulipiza kunalinda nini? Ni kirumi hasa: neno la marehemu, asiyeweza tena kusamehe.

Waliotangulia naweza kuwaelewa. Walikuwa na hofu zao. Lakini kurithi silaha ni jambo moja, na kuiunda upya ni jingine. Ukirithi, umekuta. Ukiunda upya, umechagua.

Nikamwambia Baba nitakaa shahidi akiwaacha watoto nje ya maneno yake. Binti mdogo wa ndugu yangu alikuwa amelala mapajani pake wakati huo.

Baba akacheka kidogo. "Mwanangu, laana isiyogusa mtoto, nani ataiogopa?"

Sikuwa na jibu la kumtuliza. Huenda bila kirumi shamba likaenda kweli, na nitalilia. Hata hivyo nilikataa. Nikampigia ndugu yangu simu, nikamwambia aje tuongee mchana, uso kwa uso, kuhusu madeni yake. Bado hajafika. Baba naye bado hajatamka.